Vanila Yenye Alama ya Marehemu

Tilahy hakunisalimia. Alivua kofia, akachuchumaa kando ya mkeka niliokuwa nikichambulia mchele, akaweka vanila moja kavu juu ya mchele wangu, kisha akanikazia macho. Yeye ni mume wangu, hununua vanila kwa wakulima wa juu ya mto na kuipeleka mjini Antalaha, kwa hiyo vanila nyumbani kwetu si kitu cha kushangaza. Kilichonishangaza ni namna alivyonitazama.

"Igeuze," akasema.

Nikaigeuza. Karibu na kikonyo palikuwa na makovu madogo ya nukta, yale yanayochomwa tunda likiwa bado bichi mtini. Nukta zilichora mwezi mchanga, na ndani ya mwezi nukta moja peke yake.

"Unaijua?"

"Nani kijijini hapa asiyeijua? Ni alama ya baba yangu."

"Na baba yako yuko wapi?"

"Tilahy, usinichezee. Baba alikufa maji. Jiwe lake liko pale, wewe mwenyewe umelimwagia ramu."

"Hiyo ni ya mavuno ya mwaka huu. Ikunje uone."

Nikaizungusha kidoleni. Ilikuwa laini, ina mafuta, ikajikunjua yenyewe. Vanila ya zamani hukatika. Nikairudisha juu ya mchele haraka, kana kwamba imeniunguza.

Kwetu kila mkulima ana alama yake, ya pini zilizochomekwa kwenye kizibo cha chupa, na kila tunda huchomwa alama hiyo kabla halijakomaa, maana wezi ni wengi. Kovu halifutiki. Utalichovya tunda kwenye maji ya moto, utalifunika mablanketi, utalianika juani miezi, alama itabaki palepale. Mtu akifa bila mtoto wa kiume, kizibo chake kinazikwa pamoja naye. Cha baba yangu kilizikwa chini ya jiwe, kwa sababu mwili wake haukuonekana.

Sasa hili nitalisema mara moja tu, kwa sababu halinipendezi mdomoni. Baba yangu, Jaovelo, alimuua kaka yake Tilahy kwa panga ndani ya shamba letu. Huyo kaka aliitwa Bezara. Mfuko wake ulikutwa na vanila mbichi yenye alama ya mwezi, na mwizi wa vanila kwetu hana wa kumtetea. Hata hivyo damu ni damu, na ndugu zake walishanoa mapanga. Asubuhi mtumbwi wa baba ukaonekana umepinduka kwenye maporomoko, shati lake limenasa mwambani. Wazee wakachinja ng'ombe, wakasema panga limechukua mmoja na maji yamechukua mmoja, mambo yaishe. Miaka ikapita, Tilahy akanioa, na watu wakasema ndoa yetu ndiyo imefunga kidonda.

Kwa hiyo mnaona. Kama baba alikuwa hai, amani yote hiyo ilikuwa uongo, na mimi nilikuwa binti wa muuaji ninayekula sahani moja na mama wa aliyeuawa.

"Mama asijue," Tilahy alisema, akiifunga ile vanila kwenye leso. "Kwanza nijue mimi."

"Kakuuzia nani?"

"Mchuuzi wa kituo cha mitumbwi, kule juu. Anasema naye kaletewa." Akasimama. "Wewe hujui kitu, Vavisoa?"

"Ningejua ningekaa hapa nachambua mchele?"

Tangu siku hiyo alikula kimya, akalala ameugeukia ukuta.

Mama mkwe wangu alikuwa palepale uani akikuna nazi, na sijui alisikia nini. Jina lake la kuzaliwa silijui. Wote tunamwita Mama Bezara, hata baada ya Bezara kuzikwa mchangani huku chini, peke yake, kwa kuwa mwizi wa vanila halazwi pamoja na wazee wake. Ni mwanamke wa maneno machache. Wiki ya kwanza nilipoolewa nilileta shelisheli, nikitaka kumfurahisha kwa kulipika kwa tui. Alilichukua mikononi mwangu akalirusha nje ya ua, akarudi kwenye shughuli zake. Nikaelewa kuwa ni mwiko wa nyumba ile. Kila ukoo una wake, sisi kwetu hatuli samaki aina ya mkunga, wala mwiko hauulizwi sababu. Shelisheli halikuingia tena uani.

Mtu wa kwanza niliyemshuku alikuwa Baba Mkubwa Kamisy, kaka yake baba. Nani mwingine? Yeye ndiye aliyelichukua shamba. Yeye ndiye aliyeuona mtumbwi umepinduka, yeye ndiye aliyelileta shati. Tangu nikiwa msichana nilikuwa nikijiuliza kimoyomoyo: ndugu wawili, shamba moja, na mmoja anakufa maji kwenye mto aliokulia. Nikafikiri labda Kamisy alimsukuma, na sasa amekifukua kile kizibo cha marehemu ili auze vanila ya wizi kwa alama isiyo na mwenyewe.

Nilikwenda kwanza kwenye jiwe. Nililizunguka mchana kweupe, nikijifanya nang'oa majani. Nyasi zilikuwa zimeshika mizizi pande zote na udongo umeganda. Hapakuwa na aliyechimba. Kizibo cha baba kilikuwa bado kiko chini. Basi kuna aliyetengeneza kingine.

Baba Mkubwa nilimkuta kibarazani anageuza vanila kwenye mablanketi. Mzee huyu mdomo hauna breki.

"Karibu, mke wa tajiri! Leo umekumbuka huku kwa maskini?"

"Maskini gani ana mablanketi mengi kuliko zahanati?"

"Ya vanila haya. Mimi najifunikia mikono yangu." Akacheka. "Mumeo hajambo? Bado ana shingo ngumu kwenye bei?"

"Ameleta vanila yenye mwezi, Baba Mkubwa. Ya mwaka huu."

Kicheko kikakatika. Aliendelea kugeuza matunda, lakini alikuwa anageuza yaleyale aliyokwisha kuyageuza.

"Wezi wanaiga alama," akasema.

"Waige alama ya marehemu? Ina faida gani?"

"Mimi niulize wezi? Ameinunua wapi?"

"Kituo cha juu."

"Ameshajua nani kaipeleka?"

"Bado."

Akashusha pumzi. Ndipo nikajua ananificha jambo, kwa sababu mtu asiye na lake angeuliza kwa hasira, angetukana wezi, angeita majirani. Yeye alitaka kujua tu kama wamefika karibu. Nikaaga. Nikiwa natoka nikaona kapu nyuma ya mlango, limefungwa tayari kwa safari: mchele, chumvi, kandambili mpya, na kopo la ugoro.

Baba Mkubwa Kamisy hajabwia ugoro maisha yake yote. Huwacheka wabwiaji, anasema midomo yao imevimba kwa ujinga. Lakini mtu mmoja niliyemjua mimi hakuwahi kukaa siku bila ugoro chini ya mdomo.

Nilishika nguzo ya uzio wake, nikajifanya natoa mchanga kwenye kandambili.

Nilimwambia Tilahy kwamba nakwenda kumsaidia rafiki yangu kuchuma karafuu. "Karafuu," akarudia, bila kuniangalia. "Haya." Kama ningekuwa yeye nisingeamini, na naona yeye pia hakuamini. Mtumbwi wa Kamisy ulitangulia, nami nikapanda wa wauza ndizi, nikajitanda kanga hadi machoni kama mgonjwa wa meno. Kituo cha juu akashuka, akaingia njia ya msituni na kapu lake kichwani. Nikamfuata kwa mbali. Mzee ana pumzi mbovu, kila hatua chache anasimama kukohoa, haikuwa kazi.

Kibanda kilikuwa kwenye uwazi mdogo, kimezungukwa na vanila iliyopanda miti hai, kila mmea wake umeshushwa kiunoni ili mkono ufike. Ni shamba safi kuliko yote niliyoona. Mtu aliyepiga magoti kati ya mistari aligeuka, akatema ugoro, akaniona.

Alikuwa amekonda, kichwa cheupe chote. Nilikuwa nimejiandaa kumlilia. Badala yake nikasikia sauti yangu inasema, "Jiwe lako tumelipaka chokaa kila mwaka."

"Vavisoa," akasema.

"Nimekulilia hadi nikaugua. Unanisikia? Nimemwaga ramu juu ya mawe."

Kamisy aliweka kapu chini, akaanza, "Mwanangu, tulifanya vile ili..."

"Wewe nyamaza, Baba Mkubwa. Wewe ulileta shati."

Akaketi juu ya kapu lake la mchele.

Baba akanikaribisha kwenye kivuli. Aliniuliza kama nina watoto. Nikamwambia bado. Aliniuliza kama bado naogopa radi. Nikaona ananivuta nimpende, na kwa kweli nilikuwa nampenda, na hilo ndilo lililoniudhi.

"Ulijificha miaka yote hii," nikamwambia. "Umeacha jina, umeacha nyumba, umeniacha mimi. Halafu unachoma alama yako kwenye vanila na kuipeleka sokoni! Ulikuwa unataka kuuawa?"

Alinitazama kwa mshangao wa kweli, kama nimemuuliza kwa nini anavaa nguo.

"Sasa nichome alama ya nani?"

"Usingechoma kabisa!"

"Vanila bila alama? Ya nani hiyo, mwanangu? Kila ua nimelichavusha kwa mkono wangu, moja moja, asubuhi kabla halijafunga. Niiache iende kama yatima?" Akatoa mfukoni kipande cha kizibo, amechomeka miba ya mlimau mahali pa pini. "Kamisy alinikataza. Mwaka jana nilijizuia. Mwaka huu zilikuwa nzuri mno."

Nikakichukua kile kizibo mkononi mwake. Hakunizuia.

"Niambie habari za Bezara," nikasema. "Nimeolewa kwao. Nataka kusikia kutoka kwako."

Kamisy akasema haraka, "Hayo yamekwisha, yaache."

Baba hakumsikiliza. Alibwia ugoro mwingine.

"Wezi walikuwa wamenimaliza mwaka ule. Nilikuwa silali. Nikaona mtu anakatiza shambani na mfuko mgongoni, sikumuuliza. Nilipiga kwanza. Nikafungua mfuko. Ulikuwa na mashelisheli."

Sikuelewa. Nadhani sikutaka kuelewa.

"Mashelisheli matupu. Kijana alikuwa anafupisha njia kwenda kwao. Nikayatupa mtoni, nikachuma vanila yangu, nikaijaza kwenye mfuko."

Niliona mikono ya Mama Bezara ikilichukua shelisheli langu na kulirusha nje ya ua. Nikatapika palepale, kati ya mistari ya vanila safi ya baba yangu.

Waliniomba nisiseme. Kamisy aliniomba kwa machozi, baba aliniomba kwa kunyamaza. Njiani kurudi niliapa kwa Mungu na kwa wazee kwamba nitasema, na mtumbwi ulipofika kijijini nilikuwa nimeshabadili nia. Angeuawa. Yule mzee mwenye kichwa cheupe angekatwakatwa kwenye mistari yake, nami ningerudishwa kwetu na nguo zangu kwenye kapu. Nampenda Tilahy. Basi, nilitafuta uongo, na nikaupata, na niliuona mzuri sana.

Alikuwa amekaa uani, ile vanila mkononi.

"Karafuu zilikuwaje?"

"Sikwenda kwenye karafuu." Nikatoa kizibo cha miba, nikakiweka miguuni pake. "Ile vanila ni yangu. Ni ya ile miti niliyoipanda nyuma ya nyumba ya marehemu mama, ambayo hukuwahi kuijali. Niliichoma alama ya baba ili isipotee. Niliogopa kukuambia, kwa sababu ya mama yako. Mavuno yalipokaribia nikakuta matunda yamechumwa. Nilikuwa nazunguka kutafuta yalikokwenda."

Alikichukua kizibo, akakigandamiza kwenye ngozi ya kiganja chake, akalinganisha nukta na zile za kwenye vanila. Zilifanana. Alipumua, halafu akacheka, kicheko ambacho nilikuwa nimekikosa siku zote zile.

"Mke wangu! Mimi nimekuwa nikiwaza mambo ya ajabu. Nilikuwa nakuogopa wewe, unajua? Nilikuwa nakuogopa ndani ya nyumba yangu!"

"Hata mimi nilikuwa nakuogopa," nikasema, na hilo peke yake lilikuwa kweli.

Akasimama. Nikadhani anataka kunikumbatia. Akapitiliza hadi ukutani, akatungua panga.

"Unakwenda wapi?"

"Si umesema umeibiwa? Yule mchuuzi nilimbana jana, akanitajia: kuna mzee anaishi peke yake msituni juu ya kituo, hana ukoo, hajulikani katokea wapi. Ndiye mwizi wako."

"Tilahy, mzee wa watu..."

"Mzee ndiyo asiibe? Mali ya mke wangu!"

Akatoka nje, akapuliza baragumu la walinzi wa vanila. Kijiji chetu kikisikia sauti ile hakiulizi. Vijana walitoka mashambani na jikoni, wengine na tonge mkononi, kila mmoja na panga lake. Dakika chache tu ua wetu ulijaa. Walikuwa wanacheka, wanaulizana nani atangulie, mmoja akaniambia, "Shemeji, leo tunakuletea mikono yake umpime pete!" Mpaka Kamisy naye alikuja, kwa kuwa kubaki nyumbani kungemtia mashakani. Alisimama ukingoni mwa ua, uso umemshuka, ananiangalia. Uongo wangu nilioufuma nimwokoe baba ndio uliokuwa unakwenda kumuua, tena kwa jina la mwizi.

Mama Bezara hakuinuka kwenye mbuzi yake ya nazi. Watu walipoanza kutoka alisema, kwa sauti yake ya kawaida:

"Mkimfikia, muulizeni kwanza. Mfungue mfuko wake kwanza."

"Sawa, mama," mmoja akamjibu, kama anavyojibiwa mtu mzima anayesemasema. Ndivyo walivyomjibu siku zote.

Nilikwenda kusimama kwenye uwazi wa ua, katikati ya njia. Tilahy alikuwa mbele.

"Pisha, Vavisoa."

"Hakuniibia mtu. Nimesema uongo. Yule mzee ni baba yangu."

Vicheko vikafa. Kamisy alifunika uso kwa mikono. Tilahy alinitazama polepole, akisoma uso wangu, na nikaona anafika mahali ambapo hatarudi kwangu upesi.

"Yu hai," akasema.

"Yu hai. Na Bezara hakuwa mwizi." Nilikuwa nimekwisha kuanza, nikaona nimalize. "Baba alimpiga bila kumuuliza. Alipofungua mfuko hapakuwa na vanila. Vanila aliijaza yeye, baadaye."

Panga la Tilahy lilipanda. Sijui kama lilinikusudia mimi au Kamisy au msitu wote. Mama yake ndiye aliyetangulia kusema.

"Mfuko ulikuwa na nini?"

Alikuwa ameshasimama, unga wa nazi umejaa mikononi.

"Mashelisheli, mama."

"Sema tena."

"Mashelisheli."

"Kwa sauti. Hawa wasikie. Hawa walionizuia kumlaza na wazee wake, wasikie."

Nikasema kwa sauti, mpaka koo likauma. Wanaume wakainamisha vichwa, na wale wakubwa zaidi, waliolibeba jeneza la Bezara kulipeleka mchangani, ndio walioinamisha zaidi.

"Nilimtuma mimi," Mama Bezara akasema. "Niliwaambia. Niliwaambia siku ileile, mkasema mama hawezi kumjua mwizi wake." Akapangusa mikono kwenye kanga. "Wekeni mapanga chini. Tilahy, na wewe. Kesho mtamfuata huyo mzee, na mtamleta mzima. Nataka akamfukue mwanangu kwa mikono yake, ambebe mpaka kwa wazee wetu, na njia nzima awe anasema mwanangu alikuwa na nini mfukoni. Baadaye mtajua wenyewe, ng'ombe wa fidia au askari wa gendarmeri, mimi sina haja."

Tilahy aliliegemeza panga ukutani na kunipita, bega lake halikunigusa.

Nikabaki pale uwazini, sijui kama niingie ndani au nikachukue nguo zangu. Watu walikuwa wanatawanyika kimya. Mama Bezara alirudi kwenye mbuzi yake, akakaa, akaokota nusu ya nazi, akaiweka.

"Wewe," akaniambia, "unasimama nini? Ule mti wa nyuma ya kanisa umezaa. Niletee shelisheli."

"Mama, si ni mwiko wa nyumba?"

"Mwiko gani? Nani alikuambia ni mwiko?" Akaanza kukuna, na machozi yakamdondoka juu ya nazi bila yeye kuyafuta. "Nilikuwa namsubiri niliyemtuma."

Nikachukua kapu, nikaenda.